SOMO: MATUNZO YA MASHINE YA MLANGO WA BANDA LA GARI NA NAMNA YA KUIBADILISHA

UTANGULIZI

Katika baadhi ya nyumba zinazojengwa Unguja na Pemba siku hizi, mwenye nyumba hutenga banda la kuwekea gari, na banda hilo hutiwa mlango wa chuma unaopanda juu na kulala chini ya dari. Aghalabu mlango wa namna hiyo huendeshwa kwa mashine ya umeme. Mtu hubonyeza kitufe cha rimoti akiwa ndani ya gari, mlango hupanda, gari huingia, na mlango hushuka. Kwa kuwa kazi hiyo hufanyika pasi na jasho, ni rahisi kusahau kuwa juu ya kichwa cha dereva kuna chuma ambacho uzito wake huweza kufikia kilo 60, na kwa mlango wa magari mawili kilo 100 na zaidi. Chuma hicho hushuka kila siku mahali ambapo watoto hupita na kucheza.

Somo hili linaeleza jinsi mashine hiyo inavyofanya kazi, matunzo inayohitaji, na hatua za kufuatwa inapobidi kubadilishwa. Shabaha yake kuu ni kumwezesha kila mwenye mlango wa aina hiyo kuujaribu mwenyewe kila mwezi, na kujua ni kazi ipi aifanye kwa mkono wake na ipi amwachie fundi.

1. ASILI YA MASHINE

Mlango wa vipande unaopanda juu ulibuniwa nchini Marekani na C. G. Johnson mwaka 1921, na mwaka 1926 yeye huyo alibuni mashine ya umeme ya kuuendesha. Baada ya Vita Kuu ya Pili, mabanda ya magari yalizidi kuwa sehemu ya kawaida ya nyumba za nchi hiyo, na mashine hizo zikaenea kwa wingi.

Kuenea huko kulifuatana na msiba. Mashine za mwanzo zilijua kusukuma tu. Hazikuwa na njia ya kutambua kilichokuwa chini ya mlango. Katika miaka ya 1980 makumi ya watoto walifariki nchini Marekani kwa kubanwa na milango iliyokuwa ikishuka. Mwaka 1990 Bunge la nchi hiyo lilipitisha sheria ya kuimarisha usalama wa bidhaa, na kwa mujibu wake kila mashine ya mlango wa nyumba iliyotengenezwa kuanzia tarehe 1 Januari, 1993 kwa ajili ya soko la Marekani ililazimika kuwa na kinga mbili. Kinga ya kwanza ni kuwa mlango unaoshuka ukigusa kitu, ugeuze mwendo na kupanda. Kinga ya pili ni jicho la mwanga, au ukingo wenye kuhisi, au njia nyengine ya kuuzuia mlango usimfikie mtu aliye chini yake.

Tarehe hiyo ina maana hata kwa mkaazi wa Visiwani. Mashine iliyotumika huweza kuuzwa, kusafirishwa na kufungwa upya mbali na ilikotoka. Mwenye kununua mashine ya mtumba bila ya kuuliza umri wake anaweza kuwa ameingiza nyumbani mwake chombo ambacho huko kilikotengenezwa hakiruhusiwi tena kutengenezwa.

2. NANI ANAYEINUA MLANGO?

Watu wengi hudhani kuwa mota ndiyo inayobeba mlango. Sivyo. Mota haikuundwa kubeba uzito huo. Kazi yake ni kuuongoza mlango uanze, utembee na usimame. Mwenye kubeba ni springi.

Springi ni za aina mbili. Aina ya kwanza huvishwa juu ya chuma cha mviringo kilicho juu ya mlango, nayo hupindwa mlango unaposhuka. Aina ya pili hulazwa ubavuni, sambamba na njia za mlango za kulia na kushoto, nayo huvutika mlango unaposhuka. Katika aina zote mbili, waya za chuma zilizofungwa pembe za chini za mlango huunganisha mlango na springi, ama kwa kuzungukia magurudumu yaliyo kwenye chuma cha juu, au kwa kupita kwenye makapi. Mlango unaposhuka, uzito wake hutiwa akiba ndani ya springi. Unapopanda, springi huirejesha akiba hiyo.

Mfano wake ni mizani ya sokoni. Mawe yakiwa sawa na mzigo, kidole kimoja hutosha kuinua upande mmoja. Mlango uliosawazishwa vyema huwa hivyo hivyo: mtu mzima huuinua kwa mkono mmoja. Lakini springi ikichoka au ikikatika, mizani hupotea, na uzito wote huiangukia mota, na baada ya mota, yeyote aliye chini.

Springi ya kawaida hutengenezwa kwa kukadiriwa mizunguko 10,000, na mzunguko mmoja ni kufungua mara moja na kufunga mara moja. Familia inayofungua na kufunga mara 4 kwa siku hutumia mizunguko 1,460 kwa mwaka. Kwa hesabu hiyo, springi itafikia kikomo chake karibu na mwaka wa saba, na kutu huweza kufupisha muda huo.

Hapa ndipo ulipo mpaka kati ya kazi ya mwenye nyumba na kazi ya fundi. Springi iliyopindwa, pamoja na waya zake na vyuma vinavyozishikilia pembe za chini za mlango, huwa na nguvu ya kumvunja mtu mkono au kumtia upofu. Mtu asiye na ujuzi wala vyombo maalumu asilegeze bolti yoyote inayoshika springi au waya hizo. Kadhalika, springi za ubavuni zipitishiwe ndani yake waya wa usalama uliofungwa pande zote mbili, ili springi ikikatika isirushwe.

3. JARIBIO LA MIZANI

Kabla ya kuilaumu mota, inapasa kuupima mlango peke yake. Hatua ni hizi:

(a) Mlango ufungwe hadi sakafuni. Jaribio lisianzwe mlango ukiwa juu.

(b) Mashine ichomolewe kwenye umeme.

(c) Ivutwe kamba ya dharura, ambayo kwa kawaida ni nyekundu, inayoning'inia kwenye toroli, yaani kile kipande kinachoteleza kwenye reli ya mota na kuuvuta mlango. Kamba hiyo huutenga mlango na mota.

(d) Mlango uinuliwe kwa mkono hadi usawa wa kiuno, kisha uachiwe polepole, mikono ikiwa tayari kuupokea na miguu ikiwa mbali na chini yake.

Mlango wenye mizani hubaki pale ulipoachwa, au husogea kidogo tu. Ukiporomoka, springi zimechoka. Ukikimbilia juu, springi zimekazwa kupita kiasi. Ukikwama au kulia mahali fulani, njia zake zimepinda au magurudumu yake yamekwisha. Ikiwa haunyanyuki kabisa, haifai kulazimisha. Inawezekana kuwa springi imekatika. Springi ya juu iliyokatika huonekana kwa macho, kwani huacha pengo katikati ya mizunguko yake.

Mlango ulioshindwa jaribio hili usirejeshwe kwenye mota mpaka fundi ausawazishe. Kununua mota mpya kwa ajili ya mlango usio na mizani ni kupoteza fedha, kwani nayo itakufa kwa maradhi yale yale yaliyoiua ya kwanza.

4. MAJARIBIO MAWILI YA USALAMA

Majaribio haya hufanywa mara moja kila mwezi, na kila mara baada ya matengenezo. Watoto wote wawe mbali na mlango.

Jaribio la ubao. Mlango ukiwa wazi, ubao mgumu wenye unene wa inchi moja na nusu, yaani sentimita 4 hivi, ulazwe sakafuni katikati ya njia ya mlango. Mlango ufungwe kwa kitufe cha ukutani. Ukingo wa chini ukigusa ubao, mlango unapaswa kugeuza mwendo ndani ya sekunde mbili na kupanda. Mlango unaosimama tu juu ya ubao bila ya kupanda umeshindwa. Mlango unaokaza kuubana ubao umeshindwa vibaya zaidi.

Jaribio la jicho. Macho ya usalama ni vikasha viwili vidogo vinavyotazamana, kimoja kila upande wa mlango. Kimoja hurusha mwanga usioonekana na cha pili huupokea. Vinapaswa kufungwa pasipozidi inchi 6, au sentimita 15, kutoka sakafuni, kwa sababu vikiwekwa juu zaidi, mtoto anayetambaa au aliyelala hupita chini ya mwanga bila ya kutambuliwa. Wakati mlango unashuka, mpini wa fagio upitishwe mbele ya jicho. Mlango unapaswa kugeuza mwendo na kupanda bila ya kugusa kitu.

Mashine iliyoshindwa jaribio lolote kati ya haya ichomolewe, na mlango utumiwe kwa mkono mpaka itakapotengenezwa. Kuendelea kuitumia kwa hoja kwamba "inafungua na kufunga vizuri tu" ni sawa na kuendesha gari lisilo na breki kwa kuwa injini yake inawaka.

Inasisitizwa kuwa nguvu ya mashine isiongezwe ili kuushinda mlango mzito. Mashine nyingi zina skrubu au vitufe vya kurekebisha nguvu ya kupanda na ya kushuka. Mlango unapoanza kukwama, baadhi ya watu huongeza nguvu hadi ukubali, kisha hushukuru kuwa umepona. Ukweli ni kwamba mashine ilikwama kwa kuwa imehisi kizuizi. Mashine iliyofundishwa kupuuza kutu na njia iliyopinda itapuuza pia kifua cha mtoto.

5. USAFI NA MAFUTA KATIKA HEWA YA BAHARI

Visiwani hakuna nyumba iliyo mbali sana na bahari. Chumvi iliyomo hewani, pamoja na unyevunyevu wa masika, hushambulia chuma mapema kuliko inavyotarajiwa na maandishi mengi ya watengenezaji, ambayo huzungumzia nchi zenye baridi na hewa kavu. Kwa sababu hiyo, kazi ambazo maandishi hayo huagiza mara moja au mbili kwa mwaka, hapa inafaa zifanywe kila baada ya miezi mitatu, na kwa nyumba za ufukweni kila mwezi.

Kwanza, vumbi na chumvi vifutwe kwa kitambaa chenye unyevu, kisha kwa kikavu. Njia za mlango zifutwe ndani na ziachwe kavu. Zisitiwe grisi, kwani grisi hukusanya mchanga, na mchanga hula magurudumu.

Pili, mafuta mepesi ya mashine, au grisi nyeupe ya kupuliza, yatiwe kwenye bawaba, kwenye mihimili ya magurudumu madogo na juu ya springi. Katika springi, mafuta hupunguza msuguano kati ya mizunguko na kuzuia kutu. Magurudumu ya plastiki yenyewe hayahitaji mafuta. Mafuta ya kulegezea nati zilizoshika kutu hayafai kwa kazi hii, kwa kuwa hukauka upesi na kuacha chuma kitupu.

Tatu, reli ya mota iangaliwe. Mashine ya mnyororo hupakwa mafuta kidogo kwenye mnyororo. Mashine ya mkanda wa mpira haipakwi mafuta kwenye mkanda. Mashine ya skrubu ndefu hupakwa grisi ile inayotajwa katika maandishi yake. Mnyororo ukining'inia mno, ukazwe kwa kiasi kinachotajwa katika maandishi hayo na usizidishwe.

Nne, nati na bolti za bawaba na za vishikio vya njia zikazwe, kwani mtikisiko wa kila siku huzilegeza. Bolti zinazoshika springi na waya za chuma haziguswi, kama ilivyokwishaelezwa.

Tano, waya za chuma zitazamwe kwa macho tu, hasa pembe za chini ambako maji ya kuoshea sakafu hufika. Waya ulioanza kufumuka nyuzi zake haungojwi hadi ukatike, fundi aitwe.

6. DALILI ZA UBOVU NA SABABU ZAKE

Mlango unaanza kushuka, kisha unapanda tena, na taa ya mashine inapepesa. Mara nyingi jicho moja limegeuka au limepata vumbi au utando wa buibui. Jua la asubuhi au la alasiri linalopiga moja kwa moja kwenye jicho pokezi nalo huweza kuleta hali hiyo. Macho yafutwe na yaelekezwe mpaka taa zao ndogo ziwake bila ya kupepesa. Katika mashine nyingi, kushikilia kitufe cha ukutani huulazimisha mlango kushuka hata jicho likiwa limezibwa. Njia hiyo ni ya dharura tu, na itumiwe na mtu anayeuona mlango wote.

Mota inanguruma lakini mlango hausogei. Kwanza iangaliwe kama mlango umefungwa kwa komeo, au kama toroli limetengwa na kamba ya dharura. Ikiwa sivyo, yumkini gia ya plastiki ndani ya mashine imesagika. Unga mweupe chini ya kifuniko ni dalili yake. Gia hiyo huweza kubadilishwa bila ya kununua mashine nzima. Hata hivyo, gia ikisagika, mlango upimwe mizani kwanza, kwa kuwa mlango mzito ni miongoni mwa sababu za kusagika huko.

Mota inavuma tu na haizunguki. Huenda kapasita ya kuanzishia imekufa. Kapasita huweka umeme hata baada ya mashine kuchomolewa, na huweza kumpiga mtu vibaya. Kazi hiyo ni ya fundi umeme.

Rimoti inafanya kazi kwa karibu tu. Betri ibadilishwe kwanza. Tatizo likibaki, itazamwe taa iliyo ndani au karibu ya mashine, kwani baadhi ya taa za LED hutoa mawimbi yanayovuruga mawasiliano ya rimoti. Taa ikitolewa na rimoti ikapona, sababu imepatikana.

Mlango unafunguka wenyewe. Kitufe kilichokwama, kiwe cha rimoti au cha ukutani, pamoja na waya uliochubuka, ndizo sababu za kwanza kuchunguzwa. Katika mashine kongwe ambazo namba yake ya siri hupangwa kwa vijiswichi vidogo, rimoti ya jirani yenye mpangilio ule ule huweza kuufungua mlango. Mashine nyingi zilizotengenezwa tangu katikati ya miaka ya 1990 hubadilisha namba hiyo kila mara rimoti inapobonyezwa.

7. UMEME UNAPOKATIKA

Wakaazi wa Unguja hawana haja ya kufundishwa maana ya giza. Kuanzia tarehe 21 Mei, 2008 kisiwa kilikosa umeme kwa takriban mwezi mmoja, na kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010 kilikosa tena kwa takriban miezi mitatu. Nyumba ambayo gari lake hutoka kwa msaada wa umeme pekee ni nyumba iliyojifungia mgonjwa wake ndani.

Mambo mawili yanahitaji kujulikana na kila mtu mzima wa nyumba. La kwanza ni matumizi ya kamba ya dharura. Kamba ivutwe mlango ukiwa umefungwa. Ikiwa mlango umekwama juu, kamba haivutwi ila kwa hadhari kubwa, kwa kuwa mlango wenye springi mbovu huweza kuporomoka mara tu unapotengana na mota. La pili ni njia ya kuingia. Banda lisilo na mlango mwengine linahitaji kufuli ya dharura ya nje, ambayo ikifunguliwa kwa ufunguo huvuta kamba kutoka nje. Ufunguo huo usiwekwe ndani ya banda lenyewe.

Haja ya kujitayarisha imeonekana kwengineko pia. Wakati wa mioto mikubwa ya Kaskazini mwa California mwezi wa Oktoba, 2017, umeme ulikatika na iliripotiwa kuwa baadhi ya wakaazi, hasa wazee, walishindwa kufungua milango ya mabanda yao ili watoke na magari, na miongoni mwao wapo waliopoteza maisha. Mwaka 2018 jimbo hilo lilitunga sheria, na kuanzia tarehe 1 Julai, 2019 kila mashine mpya ya mlango wa banda la nyumba inayouzwa au kufungwa humo inatakiwa iwe na betri ya akiba. Anayenunua mashine mpya Visiwani ana kila sababu ya kutafuta yenye betri hiyo. Mwenye mashine ya zamani anayo kinga isiyo na gharama: mlango wenye mizani, ambao hata mzee huweza kuunyanyua kwa mkono.

8. WAKATI WA KUBADILISHA, NA MAMBO YA KUANGALIA UNAPONUNUA

Mashine iliyotunzwa hutarajiwa kudumu miaka 10 hadi 15. Inafaa ibadilishwe kabla ya hapo ikiwa haina jicho la usalama wala nafasi ya kuliunganisha, ikiwa haigeuzi mwendo hata baada ya mlango kusawazishwa na nguvu kurekebishwa, au ikiwa vipuri vyake havipatikani tena.

Mnunuzi asome kibati cha maelezo kilichobandikwa kwenye mashine. Umeme wa Tanzania ni volti 230 na mapigo 50 kwa sekunde. Mashine iliyotengenezwa kwa ajili ya Marekani huwa ya volti 120 na mapigo 60. Ikichomekwa moja kwa moja kwenye soketi ya hapa, itaungua. Transfoma hurekebisha volti lakini haibadilishi mapigo. Mota ya kawaida ya umeme huo itazunguka polepole zaidi na kupata joto. Mashine zinazouzwa Ulaya na katika nchi za Ghuba kwa kawaida huwa karibu zaidi na umeme wa hapa, ila kibati ndicho cha kuaminiwa, wala si maneno ya muuzaji.

Rimoti nazo hutofautiana. Za Marekani hutumia zaidi megahezi 315 au 390, na za Ulaya 433.92 au 868. Rimoti ya soko moja haitazungumza na mashine ya soko jengine. Kwa hiyo, mashine na rimoti zake zinunuliwe pamoja na zijaribiwe dukani.

Kabla ya kwenda dukani, mwenye nyumba apime urefu na upana wa mlango, pamoja na nafasi iliyopo kati ya dari na mlango unapopita mahali pa juu kabisa. Reli ya mashine huuzwa kwa urefu wa mlango. Reli ya mlango wa futi 7 haitoshi kwa mlango wa futi 8.

9. HATUA ZA KUBADILISHA

Kazi hii ni ya watu wawili, na sehemu ya umeme ni ya fundi umeme anayetambulika. Mtumishi anayeishi katika nyumba ya Serikali inampasa aitaarifu kwa maandishi ofisi inayoisimamia nyumba hiyo kabla ya kutoboa ukuta au kuongeza soketi.

(a) Mlango upimwe mizani na urekebishwe kwanza.

(b) Mlango ufungwe, umeme uzimwe, na mashine ya zamani itengwe na mlango. Mtu mmoja aibebe huku wa pili akifungua bolti.

(c) Mashine mpya ifungwe kwenye boriti ya mbao au chuma cha pembe kilichoshikizwa kwenye zege. Dari ya jipsamu au ya ubao laini haibebi mashine inayotikisika.

(d) Reli iwe katikati ya mlango. Mahali mkono wa mashine unaposhika mlango paimarishwe kwa kipande cha chuma, la sivyo bati la mlango litapinda na kuchanika.

(e) Mashine ichomekwe kwenye soketi yenye waya wa ardhi. Waya wa kuongezea urefu usitumike kwa kudumu.

(f) Kitufe cha ukutani kiwekwe mahali ambapo mbonyezaji anauona mlango, na kisipungue futi 5 kutoka sakafuni ili watoto wadogo wasikifikie.

(g) Macho yafungwe, kikomo cha juu na cha chini kirekebishwe, na nguvu iwekwe kiasi kidogo kinachotosha kuuendesha mlango.

(h) Majaribio yote mawili ya usalama yafanywe kabla ya fundi kulipwa. Fundi mwema hatakereka kwa jambo hilo.

(i) Rimoti zilizopotea au zilizobaki kwa mpangaji aliyehama zifutwe katika kumbukumbu ya mashine. Maandishi ya mtengenezaji yahifadhiwe ndani ya banda pamoja na tarehe ya kufungwa kwa mashine.

10. MALANGO YA UANI

Wapo wakaazi wasio na banda lakini wana lango la uani linaloteleza kwa mota. Mengi ya yaliyoelezwa hapo juu yanawahusu pia: jicho la usalama, jaribio la kila mwezi, usafi wa njia, na ufunguo wa kulitenga lango na mota umeme unapokatika. Lango lililotengwa linapaswa kusukumika kwa mkono bila ya taabu. Kuna jambo moja la ziada ambalo ni la uhai na mauti. Mwisho wa reli, pande zote mbili, pawe na kizuizi imara cha chuma kilichotiwa zege, na nguzo za kuliongoza lango kwa juu ziwe thabiti. Lango linalopita mwisho wa reli yake hutoka kwenye nguzo na kuanguka, na uzito wake ni mkubwa kuliko wa mlango wowote wa banda. Watoto wasiruhusiwe kamwe kupanda na kubebwa na lango linalotembea.

MUHTASARI

Kila mwezi: jaribio la ubao, jaribio la jicho, na kutazama waya na springi kwa macho. Kila miezi mitatu: jaribio la mizani, kufuta chumvi, kutia mafuta na kukaza nati. Kila mwaka: fundi aupime mlango wote. Kila siku: rimoti ziwekwe mbali na watoto, mlango utazamwe mpaka ufike sakafuni, na injini ya gari isiachwe ikiwaka ndani ya banda lililofungwa, kwa kuwa moshi wake huua.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Ni kitu gani hubeba uzito wa mlango, na kazi ya mota ni ipi?

2. Kwa nini jaribio la mizani halianzwi mlango ukiwa juu?

3. Familia inayofungua na kufunga mlango mara 6 kwa siku itafikia mizunguko 10,000 baada ya miaka mingapi?

4. Mlango umesimama juu ya ubao bila ya kupanda. Je, umefaulu jaribio? Eleza hatua inayofuata.

5. Jirani anasema mlango wake umepona baada ya kuongeza nguvu ya mota. Apewe nasaha gani?

Jibu la swali la tatu ni miaka minne na nusu hivi. Majibu ya maswali mengine yamo ndani ya somo, na la tano ndilo linalofaa kusomwa mbele ya watu wote wa nyumba.